Anayezimia ovyo ahesabiwe mapigo ya moyo

Mvuvi wa Msimbati akizirai ndani ya ngalawa, wenzake humwagia maji, na jioni nyumbani huanza kutajwa majini au kifafa. Ni nadra mtu kumshika kifundo cha mkono akahesabu mapigo. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Yakishuka mpaka 30, ubongo hukosa damu ya kutosha na mtu huweza kuanguka ghafla.

Kama umeme wa moyo wenyewe umechoka, daktari hushauri betri ya moyo. Ni kidude kinachoenea kiganjani, huwekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, na waya wake hupitishwa kwenye mshipa hadi ndani ya moyo. Kwa kawaida mgonjwa huchomwa ganzi tu; kifua hakipasuliwi, jambo ambalo ndugu wengi huliogopa bure.

Mzigo mkubwa ni safari. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na kliniki haziishi baada ya kuwekewa. Fedha za korosho zikiingia, nauli hiyo itengwe mapema kama ada ya shule. Betri nayo huisha baada ya miaka kadhaa, ikabadilishwa: Arne Larsson wa Sweden, wa kwanza kuwekewa mwaka 1958, alibadilishiwa zaidi ya mara 20 na akaishi hadi 2001.

Mvuvi asivute nyavu wiki za mwanzo, hadi daktari aruhusu. Simu asiiweke mfuko wa shati ulio juu ya betri.