Tumtunze Padri Wetu Ahudumu kwa Furaha



Ndugu wasomaji, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia malaria, kuhara na lishe ya watoto. Mwezi huu tumtazame mtu ambaye kila familia humwita nyumbani kwake, lakini wachache humwuliza hali: padri wetu.

Sisi wauguzi tunamwona saa ambazo wengi hamumwoni. Huja wodini usiku kutoa Mpako wa Wagonjwa, amelowa mvua, viatu vimejaa tope. Akiondoka kitandani kwa mgonjwa, uso wake una utulivu wa mtu aliyetimiza kazi aliyoitiwa. Furaha ya upadri tumeiona hapo.

Lakini furaha hiyo inabebwa na mwili. Paroko mmoja alituletea mgonjwa, nasi tukamwomba akae tumpime naye. Presha ilikuwa 180 kwa 110, wala hakuwa na habari. Halali vya kutosha, hana siku ya kupumzika. Uchovu na hasira alidhani ni udhaifu wa sala. Karibu aamini kwamba wito wake umepoa. Alipotumia dawa, akapunguza chumvi na kulala vizuri, presha ilishuka. Baadaye waamini wake walituambia kwamba padri ameanza kucheka tena.

Jimbo letu la Tanga, lililoundwa mwaka 1958, linaanzia pwani ya Pangani hadi milima ya Usambara na nyika za Handeni. Padri huzunguka vigango vingi, na kila kigango humkaribisha kwa soda na wali wa nazi. Ukarimu ni mwema, ila mara tatu kwa siku humdhuru.

Basi tufanye hivi:

1. Kigangoni tumpe maji, matunda, samaki, mchicha au kisamvu. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai.

2. Tumhimize apime presha na sukari kila mwaka, hata akijiona mzima. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi, ikirudia siku nyingine, humhitaji mganga. Dawa haziachwi kwa sababu ya kupata nafuu.

3. Tusiite likizo yake uvivu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 533, humpa paroko likizo ya hadi mwezi mmoja kila mwaka. Katika Marko sura ya 6, Yesu mwenyewe aliwaita mitume wakapumzike.

4. Kwa mgonjwa mahututi, tumwamshe usiku bila woga. Cheti cha ubatizo kingoje asubuhi.

5. Tumtembelee hata siku tusiyokuwa na shida. Upweke nao huumiza.

Tarehe 4 Agosti, kumbukumbu ya Mtakatifu Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko, jumuiya nyingi humwombea padri wao. Mwaka huu, baada ya sala, mmoja wenu amsindikize zahanati akapime.

Tuwatakie afya njema.