Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Rekodi za Likizo ya Agosti Singapore

Singapore ina ukubwa wa kilomita za mraba 735 hivi. Haifikii nusu ya Unguja, na inaizidi Kaunti ya Nairobi kidogo tu. Hata hivyo, anayefika huko siku za kuelekea 9 Agosti, sikukuu ya taifa, hukuta rekodi zimepangana kuizunguka ghuba moja, Marina Bay. Hizi hapa nane. Nyingine ni za vipimo. Nyingine tumezitunuku wenyewe.

Kasino ghali kuliko zote za wakati wake

Marina Bay Sands ilipofungua milango Aprili 2010, ilitajwa kuwa kasino iliyogharimu kuliko nyingine yoyote duniani: zaidi ya dola bilioni 5 za Marekani, pamoja na ardhi. Msanifu Moshe Safdie aliisimamisha minara mitatu ya hoteli yenye ghorofa 55 kama karata zilizoegemeana, kisha akaitwika bustani ndefu ya mita 340 yenye umbo la merikebu. Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa kwanza, alizipinga kasino kwa miaka mingi. Ni serikali ya mwanawe, Lee Hsien Loong, iliyoruhusu mbili mwaka 2005. Ile nyingine, ya kisiwa cha Sentosa, ndiyo iliyotangulia kufunguliwa, Februari 2010.

Bwawa refu zaidi juu ya paa

Huko juu ya minara, karibu mita 200 kutoka ardhini, kuna bwawa la kuogelea lenye urefu wa mita 150, yaani mara tatu ya bwawa la Olimpiki. Ukingo wake hauonekani, kwa hiyo muogeleaji huhisi maji yanamwagikia mjini. Ni la waliolala hotelini tu. Wengine hulipa kiingilio cha roshani ya jirani na kuridhika na mandhari.

Mlango wenye upendeleo wa ajabu zaidi

Mgeni mwenye pasipoti na umri wa miaka 21 anaingia kasino bure. Raia na mkazi wa kudumu hulipa dola 150 za Singapore kwa saa 24, au 3,000 kwa mwaka. Hadi Aprili 2019 ilikuwa 100 na 2,000. Familia inaweza hata kuomba ndugu yao apigwe marufuku. Monaco imeenda mbali zaidi: raia wake hawaruhusiwi kabisa kucheza kamari katika kasino maarufu ya Monte Carlo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa dawa ni fedha za mgeni.

Hesabu ya kamari yenyewe haina siri. Ruleti ya sifuri moja ina nambari 37, lakini ukiipatia nambari yako, faida ni mara 35 ya dau. Pengo hilo dogo hufanya kasino ibaki, kwa wastani, na dola 2.70 katika kila dola 100 zinazowekwa mezani. Kwenye meza ya sifuri mbili pengo hufika dola 5.26. Basi itazame meza kabla ya kuketi, na fedha uliyoitenga ihesabu kama tiketi ya onyesho, ambayo hairudi.

Kokteli yenye hila kuliko zote

Hoteli ya Raffles ilifunguliwa 1887 na ndugu wa Kiarmenia wa ukoo wa Sarkies. Karibu mwaka 1915, mhudumu wa baa yake, Ngiam Tong Boon, Mchina wa asili ya Hainan, alibuni Singapore Sling: jini, pombe tamu ya cheri, maji ya nanasi na ya ndimu, na sharubati ya komamanga iliyoipa rangi ya waridi. Inasimuliwa kwamba enzi hizo haikuwa adabu mwanamke kunywa pombe hadharani, na glasi hii ilipita machoni pa watu kama juisi. Leo bei yake inatosha kukulisha siku nzima kwenye vibanda vya chakula vya mjini.

Sakafu chafu zaidi katika jiji safi

Katika nchi iliyopiga marufuku uuzaji wa ubani wa kutafuna tangu 1992, na inayotoza faini kwa kutupa taka, wateja wa Long Bar, baa hiyohiyo ya Raffles, humenya karanga na kuyaangusha maganda chini. Ni desturi ya nyumba, na hakuna anayekukemea.

Uhuru uliopokewa kwa machozi

Watanzania husherehekea Muungano kila 26 Aprili. Singapore husherehekea siku muungano wake ulipovunjika. Ilijiunga na Malaysia 1963, ikatolewa 9 Agosti 1965, na Lee Kuan Yew akalia mbele ya kamera za televisheni. Gwaride la kwanza lilipigwa mwaka uliofuata katika uwanja wa Padang. Siku hizi watu huvaa nyekundu na nyeupe, askari wa miavuli hushuka kutoka angani, helikopta hupita na bendera kubwa, na usiku hufungwa kwa fataki.

Mataji yaliyovuliwa

Mwaka 2007 gwaride lilihamia kwenye jukwaa kubwa zaidi duniani linaloelea majini, mita 120 kwa 83, likitazamana na viti 27,000. Sasa eneo hilo linajengwa upya. Gurudumu la Singapore Flyer, mita 165, lilikuwa refu kuliko yote kuanzia 2008 hadi Las Vegas, mji wa kasino, ilipolizidi kwa mita mbili na nusu mwaka 2014. Mpishi wa kibandani Chan Hon Meng alipata nyota ya Michelin 2016 kwa wali na kuku wa bei ya chini kuliko mlo wowote wenye nyota hiyo, 2021 akaipoteza.

Tiketi isiyonunulika

Tiketi za gwaride ni za bure, hupatikana kwa bahati nasibu, na wanaoruhusiwa kujaribu ni raia na wakazi wa kudumu pekee. Mlango wa kasino umegeuzwa: kamari wamemwachia mgeni, sherehe wamejiwekea wenyewe. Ila anga hawakuifungia. Jumamosi kadhaa kabla ya sikukuu hufanyika mazoezi kamili, ndege na fataki zikiwemo, na anayewahi nafasi kando ya ghuba huona bila kulipa senti. Nenda mwishoni mwa Julai, beba maji, na ufike kabla ya magharibi.