Shaba Inapoimba: Kuisikiliza ‘Lazy Bones!!’ Kutoka Upande Wetu wa Mpaka

Babamdogo alikuwa fundi umeme wa Gécamines, kampuni ya migodi ya Katanga. Kila alipokwenda Kitwe kusalimia ndugu, alirudi kwetu Katuba, mjini Lubumbashi, na kanda mbili tatu mfukoni. Moja haikuwa na jina. Alipoiweka, gita lilinguruma kwa sauti ya kukwaruza, na mama akatoka jikoni akiuliza kama redio imeungua. Babamdogo akaongeza sauti. Ile ilikuwa ‘Lazy Bones!!’, santuri ya mwaka 1975 ya kundi la WITCH kutoka Zambia.

Sasa naishi Hoboken, pembeni ya Antwerp, ambako jina la kampuni iliyosafisha shaba ya Katanga bado linajulikana kwa wazee. Olen, penye mitambo yake mingine, hapafiki saa moja kwa gari. Naisikiliza ile santuri nikiwa huku, na kila mara inanirudisha kwenye swali moja: kwa nini muziki mzito kiasi kile ulizaliwa ng’ambo tu ya mpaka wetu, na sisi wa Lubumbashi tukauacha upite kama wa wageni?

Tuanze Birmingham. Tony Iommi alikuwa kijana wa kiwandani, na siku yake ya mwisho kazini mashine ya kukata mabati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ule anaobonyezea nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, akatafuta nyuzi laini, na baadaye akazilegeza ili vidole visiumie. Gita likashuka sauti, likawa zito. Hata kabla ya kuzilegeza, mwezi Februari 1970, kundi lake, Black Sabbath, lilitoa santuri ya kwanza, na watu wengi huhesabu hevi metali kuanzia hapo. Mji wa viwanda vya chuma ulitoa muziki wa chuma. Mtu aliyekulia chini ya bomba refu la moshi la Lubumbashi, terril jeusi, kilima cha mabaki ya madini, likiwa limesimama kando yake, hahitaji kueleweshwa zaidi.

Kisha njoo Copperbelt, ukanda wa shaba wa Zambia. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, na fedha za kigeni za nchi karibu zote zilitoka kwenye shaba. Migodi ililipa mishahara, mishahara ikanunua redio na santuri za Uingereza na Marekani. Vijana wa Kitwe walimsikia Hendrix, wakawasikia Rolling Stones na Deep Purple, wakaanza kuwaiga kumbini. Rais Kaunda alitaka asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Waigaji wakalazimika kutunga vyao. Muziki uliotokea ukaitwa Zamrock.

WITCH ndio waliokuwa mbele. Emmanuel Chanda aliimba. Walimwita Jagari kwa sababu ya Mick Jagger. Chris Mbewe alipiga gita la kuongoza, John Muma gita la pili, Gedeon Mwamulenga besi, Boidi Sinkala dramu. Anayepima sana atasema hii ni roki nzito, haijawa hevi metali kamili. Sawa, lakini ni ndugu wa damu, na masikio yangu hayaoni haja ya ukuta kati yao.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu uzito huu una ufundi wake, na ufundi wenyewe unatuhusu. Chini ya nyuzi za gita la umeme kuna sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa ndani ya ile shaba, na mkondo huo ndio unaopelekwa kwenye amplifaya. Mbewe aliupitisha kwanza kwenye fazi, kisanduku cha kukanyaga kwa mguu. Transista zake huzidishiwa nguvu mpaka vilele vya wimbi la sauti vinakatwa, na sauti inatoka ikiwa na kingo kali, nene, inayodumu hewani. Sisikii kelele hapo. Nasikia shaba ikisema kwa sauti yake yenyewe, na hakuna watu duniani wenye haki zaidi ya kuisikia hivyo kuliko watoto wa wachimbaji.

Sikiliza ‘Black Tears’, halafu ‘October Night’. Usimfuate mwimbaji kwanza. Fuata besi na dramu. Sinkala hapigi kama Mwingereza. Anaacha nafasi, anazunguka, mwili unataka kucheza hata gita linapotisha. Na gita lenyewe hurudia mchoro mfupi, tena na tena, likiubadilisha kidogo kidogo. Sikio la Katanga linaujua mwendo huo wa kurudia. Mwaka 1952, huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gita Mwenda Jean Bosco akipiga ‘Masanga’ kwa kidole gumba na cha shahada. Sisemi Mbewe alijifunza kwa Mwenda. Nasema udongo ni mmoja, na ndugu ni wale wale: reli ilifika Elisabethville mwaka 1910 ikitokea kusini, ikaleta wafanyakazi, ikaleta na maneno ya Kibemba ambayo bado yamo ndani ya Kiswahili chetu.

Basi kwa nini sisi hatukuwa na WITCH wetu? Jibu langu ni Kinshasa. Mobutu alipotangaza authenticité, sera ya kurudi kwenye asili, mwaka 1971, rumba tayari ilikuwa imetawala redio, baa na harusi, na mwanamuziki wa Lubumbashi aliyetaka kusikika alitazama magharibi. Kule Zambia waliimba Kiingereza, sisi tulisoma Kifaransa. Mpaka uliochorwa na wakoloni uligawa hata magita.

Santuri ilitoka wakati mbaya. Bei ya shaba iliporomoka baada ya 1974, na Agosti 1975 vita vya Angola vikafunga reli ya Benguela, njia ya madini ya pande zote mbili. Zambia ikabanwa. Ilipowekewa amri za kutotoka usiku, makundi yakapiga maonyesho mchana. Jagari aliacha kundi akawa mwalimu wa muziki, na baadaye akachimba vito. Ukimwi uliwachukua wengi wa kizazi kile. Kati ya wale watano amebaki yeye peke yake. Ulimwengu ulimkumbuka santuri ziliporudishwa sokoni, filamu kuhusu WITCH ikatoka 2019, na mwaka 2023 kundi likatoa ‘Zango’.

Mdogo wangu huendesha lori la shaba. Mwezi uliopita alikuwa kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, siku ya tatu, nikamtumia ‘October Night’. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, injini ikinguruma nyuma yake na mtu akiuza maji nje ya dirisha. Alikuwa ameucheza wimbo mara mbili. Akauliza, “Kaka, hawa ni wa Kitwe, mtaa gani?”