BINTI YAKO ANAANGALIA SINEMA GANI?

Mama mmoja alimleta binti yake hapa zahanati. Binti ana miaka 12. Alikuwa analia, hataki kula. Kumbe amevunja ungo, akaona damu, akadhani atakufa. Habari za hedhi hakuwahi kuambiwa. Lakini sinema za banda la video anazijua zote! Katika nyingi ya hizo mwanamke hupigwa, halafu yeye ndiye huomba msamaha.

Nilimshauri mama amchagulie sinema nyingine. Ipo ya katuni iitwayo Sara. UNICEF waliitengeneza miaka ya 1990 kwa ajili ya wasichana wa Afrika Mashariki na Kusini. Sara ni msichana wa kijijini. Ana tumbili aitwaye Zingo, ambaye hunichekesha hata mimi. Katika hadithi moja Sara anakaribia kuachishwa shule. Katika nyingine anakaribia kukeketwa. Sara hanyamazi. Huuliza, hukataa, hutafuta watu wa kumsaidia. Ukeketaji huleta kutokwa damu nyingi na taabu wakati wa kujifungua. Hapa Tanzania, tangu 1998, kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai.

Kwa binti mkubwa ipo Neria, ya Zimbabwe. Mjane ananyang'anywa mali na shemeji yake. Anakwenda mahakamani.

Usimwache aangalie peke yake. Kaa naye, baba pia. Ikiisha, muulize: "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Yule mama alifanya hivyo. Waliangalia Sara kwa simu ya mjomba. Binti akaanza kuuliza juu ya mwili wake. Maswali mengine yalimshinda mama, wakarudi zahanati wote wawili.