Santuri za Mzee Zinalia Kama Mbu?

Umerithi santuri za mzee, za Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab, umepata na pleya, ukaichomeka AUX ya redio. Sauti? Mbu mtupu, besi hakuna! Fundi anakwambia sindano imekufa, leta hela. Ngoja kwanza!

Sindano ya kawaida, ile ya MM, hutoa milivolti 5 hivi tu, wakati AUX inataka mamia. Halafu santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba imeongezwa, kwa kipimo cha RIAA cha 1954, ili mifereji isiwe mipana mno. Kinachokuza sauti na kurudisha besi mahali pake ni priampu ya fono.

Amplifaya ya zamani yenye tundu la PHONO inayo tayari, hapo usinunue kitu. Pleya nyingi za siku hizi nazo zinayo ndani, cheki swichi ya nyuma. Ila ukiunganisha mbili, ni makelele matupu. Huna kabisa? Chukua ya MM, ya kilo-omu 47. Ile ya MC waachie wenye sindano zao za bei mbaya, itakukuzia mno. Na ule waya mwembamba wa ethi, jamani, ufunge! Ukining'inia, spika inanguruma mpaka jirani agonge mlango.