Somo la Afya: Kilo Zako ni Ngapi?

Leo tutasoma na kufanya hesabu pia, basi shikeni kalamu.

Nchi ya Ugogo imeijua njaa. Njaa ya Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, iliua watu wengi sana. Kwa watu waliopita huko, mwili mnene ni neema. Mtu akinenepa twasema amenawiri. Akikonda, majirani huulizana anaumwa nini. Si kosa lao. Lakini Dodoma imebadilika, hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016. Wengi wetu tunafanya kazi ya kukaa, tunapanda bodaboda hata kwenda sokoni, na jioni tunanunua chipsi mayai na soda. Ugali wa uwele kwa mlenda, chakula kizuri kabisa, wengine wanauona wa kishamba.

Unene wa kupita kiasi humsogeza mtu karibu na shinikizo la damu na kisukari. Magonjwa hayo hayapigi hodi. Mtu huweza kukaa nayo miaka bila maumivu, kisha siku moja akaanguka, upande mmoja wa mwili umepooza.

Sasa hesabu. Mama mmoja ana kilo 80, na urefu wake ni mita 1.6. Zidisha 1.6 kwa 1.6, utapata 2.56. Gawanya 80 kwa 2.56. Jibu ni 31 na kidogo. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mtu mzima akifika 25 uzito umezidi. Akifika 30 ni unene wa kupita kiasi. Mama mjamzito hapimwi kwa hesabu hii.

Upimwe wapi? Anza zahanati iliyo karibu nawe, ungali mzima. Omba upimwe uzito, urefu na shinikizo la damu. Hakuna sindano, mkono hufungwa kitambaa kinachojazwa upepo. Likionekana jambo kubwa, utaandikiwa barua ya kwenda kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Ipo pia Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015, lakini ya nini kupanga foleni huko kwa ajili ya mizani?

Nyumbani, punguza mafuta na sukari, nawe tembea kwa miguu dakika 30, siku tano kwa juma.

Juma lijalo kila mmoja aje na kilo zake na urefu wake daftarini. Asiyetaka kuzisoma mbele ya darasa asilazimishwe.