Sadaka Isiyovunja Sitara: Funzo la Ramadhani ya Mwaka 2020

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo, leo tunapenda kuzungumza na wasomaji wetu, akina baba, akina mama na vijana, juu ya jambo ambalo janga la korona lilitufunulia, na ambalo tunaona limeanza kusahauliwa: namna ya kumsaidia jirani mwenye dhiki bila ya kumvunjia heshima.

Tukumbuke yaliyopita. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa Machi 13, 2020. Kufikia mwisho wa mwezi huo skuli na madrasa zilikuwa zimefungwa, na amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri imekwisha anza. Misikiti nayo ikafungwa. Ramadhani ya mwaka 1441 Hijria ilipoingia mwishoni mwa Aprili, tarawehe zikasaliwa majumbani. Kisha Mei 6, katikati ya mfungo, serikali ikapiga marufuku watu kuingia au kutoka Mji wa Kale, Mombasa, na mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Masoko na mikahawa ya huko ikafungwa. Amri hiyo, ambayo mwanzo ilikuwa ya siku 15, iliongezwa hadi Juni 6, na Idi ikawakuta watu wangali ndani ya mipaka hiyo.

Anayeujua Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni hadi Kuze, anajua kwamba nyumba nyingi huko huendeshwa kwa riziki ya siku. Yuko mama apikaye mahamri na mbaazi, yuko mwendesha tuktuk, yuko kijana aliyezoea kuwatembeza wageni Ngomeni, na yuko ustadhi wa madrasa ambaye tegemeo lake ni ada ndogo ya wanafunzi. Wote hao riziki zao zilikatika kwa pamoja.

Watu hawa, ndugu wasomaji, hawakuwa waombaji. Wengi wao Ramadhani iliyotangulia walikuwa wakitoa futari, si kupokea. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 273, inatuzindua juu ya mafakiri wa namna hii, ambao haya yao huwaficha hata asiyewajua akadhani wanajiweza. Ni wajibu wetu sisi kuwatafuta. Si wajibu wao kuja kujipanga foleni mbele yetu.

Na foleni ina madhara yake. Aprili 10, 2020, huko Kibera, Nairobi, watu waligombania chakula cha msaada, wakakanyagana na kujeruhiwa. Mwenye nguvu alipata. Mjane, mzee na mgonjwa walibaki nyuma. Tena tuliona katika siku zile mtindo wa kumpiga picha mtu akiwa ameshika mfuko wa unga, kisha picha ikasambazwa. Hatusemi kwamba kutoa hadharani ni haramu, kwani huenda kukawahimiza wengine. Lakini uso wa anayepokea si mali ya anayetoa. Mtoto wake ataiona picha ile hata baada ya unga kwisha.

Wema waliotutangulia walituachia mfano bora. Inasimuliwa kwamba Ali Zainul Abidin, kitukuu cha Mtume (S.A.W.), alikuwa akibeba chakula mgongoni usiku na kukiacha milangoni mwa mafakiri wa Madina. Hawakumjua mtoaji mpaka alipofariki na chakula kikakatika. Waliomwosha maiti wakaona alama za mizigo mgongoni mwake.

Sasa tufanye nini? Kwanza, kila msikiti uwe na orodha ya siri ya nyumba zenye dhiki katika mtaa wake, na katika kamati yake wawemo akina mama, maana wao ndio wajuao jiko gani halikuwashwa jana. Pili, badala ya kugawa mifuko barabarani, tumlipe mwenye duka wa mtaa, afute deni lililoandikwa kwenye daftari lake, na familia ije ichukue mchele na mafuta kama mnunuzi mwingine yeyote. Tatu, tusingoje usiku wa Idi. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi wetu hapa pwani, wameruhusu Zakatul Fitri, ile pishi moja kwa kila mtu, itolewe tangu mwanzo wa Ramadhani. Nne, sadaka zetu zimfikie pia jirani asiyekuwa Muislamu. Sahaba Abdullah bin Amr alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa fungu lake.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 5, 2023 kwamba hali ya dharura ya korona imekwisha. Dhiki haikutangaziwa mwisho. Ugonjwa, mafuriko au kufukuzwa kazi huweza kuifungia nyumba moja milango ya riziki, bila ya amri ya serikali na bila ya jirani kujua. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Basi leo, tutokapo katika sala ya Ijumaa, kila mmoja wetu na ajiulize: katika nyumba zilizo jirani na yangu, ni ipi inayonyamaza kwa sababu ya haya? Akiijua, na aiendee kwa njia isiyoonekana na watu.

Tunamwomba Allah (S.W.) awarehemu waliofariki katika janga lile, azikunjulie riziki familia zetu, na azitakabali sadaka zetu, za dhahiri na za siri. Amin.